Toleo jipya halijatoka, la zamani mmelipeleka wapi?

*Shikamoo mama. Sisi ni vijana watatu tunaosoma CIVE, chuo cha TEHAMA pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Tuliandika programu huria (kila mtu anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha) ya kutunza hesabu za vikoba, tukaiweka mtandaoni bure, kwenye seva tunayoilipia kwa kuchangishana. Toleo la 1.4 linatumiwa na vikundi vya hapa mjini, Chamwino na Kibaigwa. Sasa tunaandaa 2.0 na tumebadilisha karibu kila kitu, kwa hiyo tuliliondoa 1.4 ili watu wasiendelee kupakua kitu kilichopitwa na wakati. Mitihani ikatubana, 2.0 bado halijakamilika, na simu haziishi. Mweka hazina mmoja wa Kibaigwa, mama ambaye diski ya kompyuta yake imekufa, anapiga kila asubuhi. Wengine wanataka tuwape hata hilo lililo jikoni. Tufanyeje?*
*Vijana wa CIVE, Dodoma*

Marahaba wanangu. Lirudisheni 1.4 leo, kabla hamjamaliza kusoma jibu hili. Mengine tutaongea likiwa limesharudi.

Mlinipa anwani, nikaingia kuangalia. Palipokuwa na kitufe cha kupakua mmeweka gia linalozunguka na maneno "Toleo 2.0 linakuja, kaa mkao wa kula!" Huyo mama wa Kibaigwa amekaa mkao huo mpaka miguu imekufa ganzi. Fikirieni yaliyompata. Hadi diski ya kompyuta imekufa, fundi amemwekea nyingine. Hesabu zake ziko salama kwenye flashi kwa sababu alifuata maelekezo yenu ya kuhifadhi nakala kila baada ya kikao. Anaichomeka flashi, faili analiona, kulifungua hawezi, kwa kuwa linafunguliwa na 1.4 peke yake, na 1.4 mmelificha. Wanachama wanataka kuvunja kikundi wagawane. Mnajua watu wanavyomtazama mweka hazina anayesema "hesabu zipo ila hazifunguki"? Hapo ndipo maneno ya mtaani huanzia.

Mwenye duka pale Majengo hafungi duka kwa sababu mzigo mpya uko njiani kutoka Kariakoo. Anauza alichonacho. Na nyinyi mlichonacho ni 1.4. Kama lilifaa mwezi uliopita, halijaoza kwa kuwa mmeanza kuandika lingine.

Miradi mikubwa ya programu huria haiondoi toleo kwa sababu jingine linakuja. Chukueni Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux: Debian 13 ilitoka Agosti 2025, lakini Debian 12 ya mwaka 2023 haikufutwa siku hiyo. Ilisogea hatua moja nyuma, ikabaki ikipakuliwa na kupewa marekebisho ya usalama. Matoleo yaliyomaliza muda wake kabisa huhamishiwa archive.debian.org na kukaa huko. Apache, taasisi inayosimamia programu huria nyingi, wana kanuni yao: ukurasa wa kupakulia unabaki na matoleo yanayohudumiwa tu, lakini kila lililowahi kutoka lina nakala yake kwenye archive.apache.org. Nawapenda Apache kwa hili. Mlangoni pao ni pasafi, na stoo yao imejaa.

Fanyeni hivyohivyo. Mbele kabisa wekeni toleo moja tu, lile mnaloliamini, na kwa sasa ni 1.4. Chini yake kiungo kidogo cha "matoleo ya zamani". Yote yaingie humo, hata lile la kwanza mnaloliona aibu, kwa sababu yupo mtu mwenye faili lililohifadhiwa nalo. Kama msimbo wenu, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, sehemu yao ya matoleo inatosha kabisa: kila toleo linakaa na mafaili yake na msimbo wake, na faili moja linaruhusiwa kuwa na ukubwa wa karibu GB 2. Programu yenu haifiki hata robo ya hapo. Na msimbo usiachwe nyuma. Mmechagua leseni ya GPL, na GPL inataka aliyepewa programu aweze kupata msimbo wa toleo hilohilo alilonalo. Kumwonyesha msimbo wa 2.0 mtu mwenye 1.4 haitoshi.

Siku ya kutoa 2.0 fuateni mpangilio, maana vijana wengi huanzia kwenye kufuta. Tazameni seva za nakala za Debian zilizotapakaa duniani. Zinapojisasisha, kazi inafanywa kwa awamu mbili. Kwanza vinashushwa vifurushi vyenyewe. Vikishatimia ndipo inafuata orodha inayowaambia watumiaji kuna nini, na vilivyopitwa na wakati vinaondolewa mwishoni. Kwa mpangilio huo hakuna dakika ambayo mtumiaji anaelekezwa kwenye faili ambalo halipo. Kwenu itakuwa hivi: pakieni 2.0, kisha lipakueni wenyewe kwa kompyuta nyingine, ikiwezekana kwa bando la simu na siyo kwa Wi-Fi ya chuo. Lisakinisheni, lifungue faili la 1.4. Likikubali ndipo mbadilishe kiungo cha mbele. 1.4 linateremka kwenye stoo, halitoki nyumbani.

Jambo moja nawakataza kabisa: msibadilishe faili huku mkiliachia jina lilelile. Mkigundua kosa dakika kumi baada ya kutoa 2.0, toeni 2.0.1. Mkibadilisha kimyakimya, watu wawili watakuwa na "2.0" mbili zisizofanana, na akipiga mmoja kulalamika hamtajua analalamikia lipi. Namba ya uhakiki, ile inayokokotolewa kutokana na faili na kubadilika faili likibadilika, nayo itagoma. Naamini mnaiweka hiyo namba. Kama hamuiweki, anzeni na hiyo 1.4 mnayoirudisha. Amri ya `sha256sum` inawapa herufi na tarakimu 64. Zibandikeni kando ya kiungo.

Mambo ya namba hizi siyo mbwembwe za wasomi. Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, mfumo endeshi mwingine wa familia ya Linux, na kugeuza kiungo cha toleo la 17.3 Cinnamon, kikawa kinapeleka watu kwenye faili lenye mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta. Waliolinganisha namba na ile halali waligundua wamepewa kitu kingine. Ndiyo maana ni vizuri namba hiyo iwepo pia mahali pengine, mbali na seva yenye faili, maana anayeweza kubadilisha faili anaweza kubadilisha na namba iliyo pembeni yake.

Halafu hiyo seva ya kuchangishana. Mkimaliza chuo mmoja akaenda Mwanza, mwingine akaajiriwa Mtumba, nani atakumbuka kulipia? Mwaka 2011 seva za kernel.org, nyumbani kwa kiini cha Linux, ziligundulika kuwa zimedukuliwa. Zilizimwa kwa takriban mwezi. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, hakubandika gia linalozunguka. Septemba mwaka huohuo alitoa toleo la majaribio la 3.1 kupitia GitHub, na kazi ikaendelea, kwa sababu msimbo ulikuwa umenakiliwa kwenye kompyuta za watengenezaji kila kona. Nanyi wekeni nakala GitHub, nyingine kwenye maabara yenu kama uongozi utaruhusu, na mweka hazina wa kila kikundi abaki na faili la kusakinishia kwenye flashi ileile yenye hesabu. Kibaigwa si kila siku mtandao unakuwa na nguvu, na bando ni hela.

Wanaotaka kilichoko jikoni wapeni, ila kwa sahani yake. LibreOffice, programu huria ya kuandikia barua na kufanyia mahesabu, hutoa matoleo ya majaribio yanayojiita LibreOfficeDev. Yanakaa kando ya programu ya kawaida na yana folda yao ya mipangilio, hayagusi ya mwenye nyumba. Firefox Nightly, toleo la majaribio la kivinjari cha Firefox, nayo ni hivyohivyo. La kwenu lipeni jina tofauti na folda tofauti, na liandikwe MAJARIBIO kwenye kila dirisha. Likiweza kugusa hesabu halisi za watu, msimpe mtu yeyote, hata akibembeleza vipi.

Sababu moja tu ingenifanya nikubali 1.4 liondoke mbele: mkigundua tundu la usalama, tuseme mtu anaweza kuingia bila nywila. Hata hapo dawa ni kuziba tundu na kutoa 1.4.1 haraka, siyo kusubiri 2.0. Lile bovu linaenda stoo na onyo jekundu juu yake.

Na huyo mama mpigieni nyinyi leo. Msisubiri apige yeye.

*Habari za kazi dada. Nafundisha TEHAMA sekondari moja huku Mpwapwa. Kompyuta zetu za msaada zina Windows 7. Nilipakua LibreOffice mpya, ikakataa kusakinishwa. Mwanafunzi akaniletea nyingine kutoka tovuti ya "programu za bure". Imeingia, lakini sasa kila ukifungua mtandao yanajitokeza matangazo ya kamari. Je, ile ya zamani haipatikani tena?*
*Mwalimu, Mpwapwa*

Nzuri Mwalimu, poleni na kazi. Inapatikana, na kwa wenyewe. Kuanzia LibreOffice 25.8, Windows 7 na 8 hazikubaliki tena. Mfululizo wa mwisho unaozikubali ni 25.2. Nendeni downloadarchive.documentfoundation.org, ndiyo stoo yao, yamo matoleo tangu la 3.3 la mwaka 2011. Ukurasa hauna urembo, ni folda juu ya folda, usikukatishe tamaa. Kabla ya kupakua bofya kitufe cha kulia kwenye Computer, kisha Properties, uone kama mashine ni za biti 32 au 64. Faili lina mamia ya MB, kwa hiyo pakua mara moja, liweke kwenye flashi, sambaza maabara nzima.

Kulihakiki, fungua dirisha la amri kwenye folda lilimo faili, andika `certutil -hashfile`, acha nafasi, jina la faili, acha nafasi, kisha `SHA256` kwa herufi kubwa. Windows 7 itakuonyesha namba iliyoachiwa nafasi kila baada ya herufi mbili. Usishtuke, linganisha tu na ile waliyoitoa wenye programu.

Ile aliyoleta mwanafunzi usiiondoe kwa kufuta programu tu. Mashine iliyoguswa ipigwe Windows upya, maana hujui kingine kilichoingia nayo. Mtoto naye usimgombeze. Alitafuta, akapata cha kwanza kilichotokea. Tovuti za namna hiyo zinaishi kwa sababu watu hawajui kuwa wenye programu wana stoo zao.

Nikwambie na hili ingawa hukuuliza. Windows 7 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama Januari 2020. Kwa kuandika barua na kufanya mahesabu maabara itaendelea, ila mtandao uuache kwenye mashine moja au mbili tu, na Firefox ya kuweka humo ni 115 ESR, toleo la huduma ya muda mrefu. Ukitaka kuhamia Linux na mashine ni za biti 32, chukua Debian 12, maana Debian 13 haina tena kisakinishi cha biti 32.

*Mambo dada fundi. Nina laptop yenye mfumo wa Linux uitwao Ubuntu 23.10, niliwekewa na jamaa. Nikiandika amri ya kusakinisha VLC, ya kuchezea video, inaniambia 404 Not Found. Intaneti ninayo, WhatsApp inafungua. Seva zao zimekufa?*
*Msomaji, Nkuhungu*

Poa mdogo wangu. Seva zao ni nzima, muda wa toleo lako ndio umekwisha. Kwa kawaida ukiona 404 unaanza na `sudo apt update`, maana orodha iliyo kwenye kompyuta yako inaweza kuwa inataja kifurushi ambacho kimeshabadilishwa na kipya zaidi. Kwa wengi inaishia hapo. Wewe haitakusaidia. Ubuntu za katikati, zisizo za LTS (yaani za huduma ya muda mrefu), huhudumiwa miezi 9, na 23.10 ilikwisha Julai 2024. Vifurushi vyake vilihamia old-releases.ubuntu.com.

Fungua `/etc/apt/sources.list` kwa `sudo nano`. Kila palipoandikwa archive.ubuntu.com, hata kama mbele yake kuna tz, na kila palipoandikwa security.ubuntu.com, weka old-releases.ubuntu.com. Hifadhi, rudia `sudo apt update`, VLC itaingia.

Ila hiyo ni ya kukuvusha tu, marekebisho ya usalama hutapata tena. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha weka 24.04 LTS, inahudumiwa mpaka 2029. Ukimtumia jamaa yuleyule, mwambie safari hii akuwekee LTS.