Insha Hamsini na Nne, Mwanzo Mmoja

SWALI: Ninafundisha Kiswahili, Gredi ya 5, katika shule ya msingi ya umma. Nina wanafunzi 54 na kila kipindi ni dakika 35. Nikitoa insha, zaidi ya nusu ya darasa huanza kwa "Nilirauka asubuhi na mapema", ndege wakitumbuiza mitini, hata pale mada inapohusu mkasa wa usiku wa manane. Nimesikia habari za warsha ya uandishi, lakini walimu wenzangu wanasema hayo ni mambo ya shule zenye watoto 20 darasani. Je, yanawezekana kwangu? (Mwalimu, Kitui)

JIBU: Yanawezekana, mwalimu mwenzangu, mradi ukubali kuacha jambo moja tulilolizoea mno sisi walimu wa insha, yaani kubeba daftari zote nyumbani na kusahihisha kila neno la kila mtoto.

Jina warsha lisikutishe: maana yake ni watoto kuandika visa vyao darasani, nawe ukiwaongoza kazi ikiwa bado inaendelea. Fundi seremala hamtumi mwanagenzi akachonge kiti peke yake ili akimaliza apewe alama; humsimamia kando, humwona anavyoshika randa, na humwelekeza wakati ambapo ubao bado unaweza kurekebishwa. Sisi tumezoea kufika kiti kikiwa kimekwisha kupigiliwa misumari. Hilo ndilo alilolipinga Donald Murray, mwandishi wa habari wa Marekani aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka 1954 na ambaye baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha New Hampshire: alisema, mwaka 1972, kwamba tufundishe kazi yenyewe ya kuandika badala ya kupasua maiti ya insha iliyokwisha kuandikwa. Donald Graves wa chuo hicho hicho, kuanzia mwaka 1978, alikaa na wasaidizi wake miaka miwili katika shule ya msingi ya mji mdogo wa Atkinson, wakiketi kando ya watoto na kuandika walichokiona. Waliona kwamba hata mtoto mdogo anaweza kujichagulia jambo la kuandika, akalirudia na kuliboresha, akipewa muda na mtu wa kumwuliza maswali.

Dakika zako 35 zinatosha. Nane za kwanza ni za somo fupi la jambo moja tu: namna ya kuanza katikati ya tukio, au namna ya kuandika maneno ya mtu kwa alama za usemi. Andika mbele yao ubaoni, ukifuta na kubadilisha, ili waone kwamba hata mwalimu husitasita. Kisha dakika 20 ni za wao kuandika, kila mmoja na kisa chake, nawe unapita na kuketi na wanafunzi sita, dakika tatu kila mmoja. Zinazobaki ni za mtoto mmoja au wawili kuwasomea wenzao. Ukitenga vipindi viwili kwa juma, utaongea na wanafunzi 12, na baada ya wiki nne na nusu utakuwa umeketi na wote 54. Weka orodha ya majina mfukoni, kwa kuwa watoto wanyamavu, usipokuwa na orodha, hupitwa muhula mzima.

Mazungumzo hayo ya dakika tatu ndiyo moyo wa kazi hii. Nilipokuwa darasani, mvulana mmoja alinionyesha sentensi tatu: "Mbuzi wetu alizaa usiku. Tulifurahi ghaya ya kufurahi. Siku njema huonekana asubuhi." Sikugusa kalamu. Nilimwuliza alikuwa amesimama wapi wakati huo. Akasema hakuwa amesimama, alikuwa amechuchumaa akishika koroboi. Mkono ulikuwaje? Akacheka: mafuta yalikuwa yakimchuruzikia kidoleni, lakini nyanya yake alikuwa amemkataza kusogea. Nikamwuliza mbona hayo hakuyaandika. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Kwani hayo ni insha, mwalimu?"

Swali lake ndilo jibu la swali lako. Watoto wetu hawakosi la kusema. Tumewafundisha, kwa alama na kwa sifa, kwamba insha ni pambo la misemo na kwamba maisha yao hayaingii humo. Kwa hiyo usiwapigie marufuku ndege wao wa alfajiri. Mwulize mwenye insha kama siku ile aliwasikia kweli. Akisema ndiyo, waache waimbe.

Siku iliyofuata mvulana yule aliandika: "Nilishika koroboi. Mafuta ilinichuruzikia lakini sikusogea." Umeliona kosa. Nililiacha siku hiyo kwa makusudi, kwa kuwa kisa ndiyo kwanza kilikuwa kinazaliwa, ila sikulisahau: juma lililofuata somo fupi lilikuwa upatanisho wa mafuta, maji na maziwa, na kila mtoto akarudi kwenye rasimu yake kutafuta mahali pa kurekebisha. Hapa nasisitiza, kwa maana wako wanaoielewa warsha kama ruhusa ya kuacha sarufi. Lisa Delpit, mwalimu na mtafiti Mmarekani Mweusi, alionya mwaka 1988 kwamba watoto ambao nyumbani hawazungumzi lugha inayotakiwa na shule hudhulumiwa mwalimu asipowafundisha kanuni zake waziwazi. Mtoto wa Kitui anayezungumza Kikamba nyumbani anastahili kuambiwa bayana kwamba ni "mafuta yalinichuruzikia", na kwa nini.

Kuhusu mtihani, ambao najua utaulizwa na mwalimu mkuu: juma moja katika kila mwezi waandike insha ya mada moja kwa muda uliowekwa. Hilo nalo ni stadi, na hujifunzwa haraka na mtoto aliyekwisha kuzoea kuandika.

SWALI: Binti yangu yuko Darasa la Nne. Daftari lake la insha limejaa makosa ambayo mwalimu hakuyapigia mstari. Je, amezembea? (Mama mzazi, Morogoro)

JIBU: Mama, kabla ya kwenda shuleni, mwombe binti akuonyeshe kurasa zote za kisa kimoja, tangu mwanzo hadi mwisho. Ukikuta kisa hicho kimeandikwa mara mbili au tatu, na makosa yanapungua kila mara, basi mwalimu yuko kazini, na kurasa za mwanzo aliziacha bila wino mwekundu kwa kuwa mtoto aliyeona mistari 20 ya kusahihishwa kwa kawaida hunakili masahihisho bila kuyasoma. Ukikuta nakala ya mwisho, ile iliyoandikwa vizuri ili isomwe na wengine, bado ina makosa yale yale, nenda ukamwulize mwalimu kwa adabu na upate maelezo yake.

Nyumbani, mwache akusomee kwa sauti unapomenya ndizi au unapochambua mchele. Akisoma mwenyewe atakwama mahali palipokosewa, na mara nyingi atachukua penseli kabla hujamwambia. Wewe mwulize tu lile ambalo hukulielewa katika kisa chake, kisha umsubiri ajibu.