Mlihamishwa au mlihama?

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Huku Ikwiriri hatujambo, ni goti la mama yako tu linalosumbua. Swali lako la juzi kwenye simu nililikwepa kwa sababu shangazi yako alikuwa amekaa pale, nawe unajua hilo tukilianza naye hatulali. Uliuliza: ule mwaka wa Operesheni Rufiji, serikali ilipowataka watu wa bonde la mto Rufiji wapande vijiji vya juu, mlihamishwa au mlihama? Ukasema wenzako ofisini huko Dodoma wanashangaa watu wa bondeni, kila wakiambiwa wapande juu, wanarudi.

Nianze na hao wanaorudi. Wanarudi kwa sababu chakula kiko kule. Maji ya Kilombero na Ruaha yakishuka wakati wa masika yanaleta tope. Yakishaondoka unafukia mbegu kwenye unyevunyevu, mahindi, maboga, kunde, na vinakua bila kungoja mvua. Ndiyo mlao. Hapa juu ni mchanga na mikorosho. Na lile tope hulilimi kwa kwenda na kurudi: nguruwe wanakuja usiku, nyani alfajiri, kiboko saa anayotaka mwenyewe. Ule msemo wangu mnaoucheka, kwamba shamba lisilosikia jogoo wako si lako, sikuuokota njiani. Nyumba zilihamishwa, mashamba yakabaki. Ndiyo maana nusu ya utoto wangu nimelala kwenye dungu, juu ya nguzo, napiga debe kufukuza wanyama.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa 1969, nina miaka tisa. Mafuriko ya 1968 yalishapita, na tulishaambiwa kwenye mikutano kwamba huko juu kuna shule, zahanati na maji. Lori likaja mpaka kwenye ule mwembe wa babu yako. Mimi sijawahi kupanda gari maishani. Babu yako aliniagiza jambo moja tu: kaufunge mtumbwi kwenye mzizi, mafundo mawili. Nikakimbia, nikazungusha kamba mara moja, honi ikalia, nikaiacha hivyo hivyo.

Nilikaa juu kabisa ya mizigo, nimekikalia kinu cha bibi yako, nacheka, naipungia mikono miti. Bibi yako alikuwa amejifunika kanga uso mzima. Akaishusha kidogo, akanitazama, akaipandisha tena.

Siku ya nne babu yako alishuka bondeni, mtumbwi hakuna. Watu wakampa pole. Akawaambia maji yameuchukua, nami nimesimama hapo hapo. Ilikuwa kiangazi, mto umelala, na kila mtu pale alijua maji ya kiangazi hayaibi mtumbwi uliofungwa. Hakuna aliyeuliza. Tangu hapo kila msimu aliazima mtumbwi wa jirani kwa debe mbili za mpunga, na siku ya kupima ni mimi aliyeniita nishike mdomo wa gunia. Alikusudia? Mpaka leo sijui. Wajomba zako wanasema hapana, eti nilikuwa mtoto niliyekuwa karibu tu.

Kwa hiyo mlihamishwa au mlihama? Bibi yako alihamishwa. Mimi nilihama, tena kwa kicheko. Tulikuwa lori moja.

Najua unataka niseme kama ilikuwa haki. Kuna siku nasema haikuwa. Halafu naikumbuka shule: bila Ikwiriri nisingesoma, na wewe usingekuwa hapo ulipo. Halafu tena nakumbuka kwamba hiyo shule niliikosa wiki nzima nzima kwa ajili ya kulinda mpunga, kwa sababu ile ile ya jogoo. Mkinibana sana nitajibu, lakini nitajibu vibaya.

Aprili 2024 ndiyo iliyonivuruga zaidi. Maji yalipoingia Muhoro, kule bondeni, baba yako mdogo alikataa kutoka. Wengine wanasema ni bwawa la Mwalimu Nyerere limefunguliwa, wengine wanasema bila bwawa ingekuwa mbaya zaidi, na yeye amekaa juu ya kabati anasikiliza redio! Nikampigia simu. Nikamwambia, "Ndugu yangu, huku juu kuna shule, kuna zahanati, kuna maji." Nilipokata simu ndipo nikajisikia. Yalikuwa maneno yale yale ya mikutano ya 1969. Na ningeyarudia.

Huku mji unajijazia wenyewe. Tangu daraja la Mkapa lifunguliwe 2003, mabasi ya Lindi na Mtwara yanapita bila kujali masika, na vijana hawaamini kwamba watu walikuwa wanakwama siku kadhaa Ndundu wakingoja pantoni. Mdogo wako ana bodaboda na hajui kupiga kasia. Kwao hapa ni nyumbani, hawana habari na mwembe wowote. Nilimpeleka mwaka jana akauone, akapiga picha, akasema una siafu.

Shamba bado nalima, ekari moja na nusu, na dungu nimelitengeneza upya. Ukija Idi niletee kamba ya nailoni, ile nene, mita kama ishirini. Niliyo nayo imelika kwenye fundo la pili.

Baba yako