Kabla ya kuifundisha kwaya "Jesus bleibet meine Freude"

Wengi tunaujua wimbo huu kwa kinanda cha harusini: bibi harusi anaingia, noti zinatiririka tatu tatu, basi. Mwalimu wa kwaya ukitaka kuufundisha, wasikilizishe kwanza kantata nzima ulimotoka, yaani kazi ya kanisani ya waimbaji na vyombo yenye sehemu kadhaa, "Herz und Mund und Tat und Leben". Haimalizi hata dakika arobaini.

Someni Luka 1:39-56 kabla ya kuiwasha. Mtunzi wake, Johann Sebastian Bach, aliitoa mjini Leipzig, Ujerumani, tarehe 2 Julai 1723, sikukuu ya Maria kumtembelea Elisabeti, akiwa mgeni kabisa kazini. Muziki mwingi aliutunga Weimar, mji alikofanya kazi kabla, mwaka 1716 kwa ajili ya Majilio. Leipzig, kuanzia Jumapili ya pili ya Majilio hadi Krismasi, kantata hazikuimbwa, hivyo kazi ile isingepata siku yake. Akaihamishia kwa Maria, akaongeza masimulizi, akaigawa: nusu kabla ya mahubiri, nusu baada yake. Huu wimbo maarufu unafunga kila nusu, kwa maneno tofauti. Kule Weimar haukuwamo kabisa! Mimi napenda zaidi pale alto anaposimulia mtoto akiruka tumboni mwa Elisabeti, obo, vyombo vya kupuliza, zikimsindikiza.

Sasa mazoezi. Sauti nne mlizopewa ni tenzi ya kawaida tu. Mapambo yote ni ya vyombo. Kwaya hazishindwi na noti, zinashindwa na kusubiri. Vyombo vinapiga, watu wanasinzia au wanaingia mapema. Kilichonisaidia ni kuwafundisha wote, besi wakiwemo, kuimba ile sauti ya vayolini kwa "la" mpaka waijue. Baada ya hapo hakuna anayehitaji kuhesabu vidole. Mwendo nao usiwe wa kuburuza. Kila mstari utoshe pumzi moja.

Mkitunga maneno ya Kiswahili, mistari ni minane: silabi 8, 7, 8, 7, 8, 8, 7, 7. Yenye silabi nane haina shida, mkazo wetu unakaa penyewe. Yenye silabi saba inaishia kwenye pigo zito, na neno letu halipendi kukazwa mwishoni. Msiseme "Bwaná" kwa sababu tu tuni imelazimisha. Geuzeni sentensi, na mstari usomwe kwa sauti kabla haujaimbwa.