Jibu: Bondia kupigwa uzeeni kunamshushia hadhi?

Mkuu, umeuliza kama bondia anayeng'ang'ania ulingo wakati wake umepita anafuta sifa zake. Hafuti, ila anawachanganya waliomjua mwishoni. Hapa Mtwara, kwenye mabanda ya video, kijana aliyeona bondia Roy Jones Jr. akizimwa na mpinzani wake Antonio Tarver raundi ya 2 mwaka 2004 hakubali kabisa kwamba mwaka mmoja nyuma Jones huyo huyo alitwaa ubingwa wa uzito wa juu kwa kumpiga John Ruiz, ilhali taji lake la kwanza lilikuwa la uzito wa kati!

Muhammad Ali ndiye anayeniuma zaidi. Oktoba 1980, akiwa na miaka 38, alipigana na Larry Holmes, aliyewahi kuwa mwenzake wa mazoezi. Hakuanguka, lakini ngumi zake hazikutoka. Baada ya raundi ya 10 kocha wake, Dundee, akamkataza kuinuka kitini, pambano likaisha. Na bado mwaka uliofuata akarudi ulingoni kupigana na Trevor Berbick, akashindwa kwa pointi. Hadhi yake ilibaki juu. Kilicholiwa ni mwili.

Watakutajia George Foreman, aliyekuwa bingwa wa uzito wa juu akiwa na miaka 45 mwaka 1994. Kweli, lakini huyo aliwahi kupumzika ngumi miaka 10 kabla ya kurejea ulingoni.