Jibu: bibi mzaa babu wa mumeo na wale "mabinti wa mfalme"

Dada pole na hongera, umeolewa Quebec, Canada, na sasa umeachiwa kazi ya ukoo 😂 Umeuliza uanzie wapi kumtafuta huyo bibi wa kale wa ukoo wa mumeo anayesemwa alikuwa Fille du Roi ("binti wa mfalme", yaani mmoja wa wasichana waliotumwa na mfalme kutoka Ufaransa kwenda kuolewa huko). Usianzie Ufaransa! Anza na mama mkwe, rudi nyuma ndoa moja moja, maana rekodi ya ndoa ya kanisani kule kwa kawaida inataja wazazi wa bwana na bibi harusi, ya kifo mara nyingi haisemi kitu cha maana. Raha ni kwamba kwenye rejista wanawake walibaki na majina ya kwao hata baada ya kuolewa, wanaosumbua ni wanaume, mtu ana jina la ukoo halafu "dit" (yaani "aitwaye") Lafleur, watoto wengine wanachukua hilo la pili unapotea kabisa.

Kingine angalia mwaka. Mabinti waliolipiwa nauli na mfalme Louis XIV wa Ufaransa ni kama 800 hivi, 1663 hadi 1673, aliyefika 1659 sio wao hata familia ikiapa. Ukishampata tafuta mkataba wa ndoa wa notari (mwanasheria aliyeandika mikataba), wengine walivunja mkataba wakaolewa na mwingine (mjini hapo!). Ila kama alitoka Paris usitegemee sana ubatizo wake, rejista za parokia za Paris ziliungua 1871. Jaribu pia PRDH, database ya rekodi za zamani za kanisa za Quebec, ya chuo kikuu cha Montréal.