Nyama ya ng'ombe ya kuchambua kwenye jungu la umeme: mbona inatoka kavu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Dar es Salaam. Natoka nyumbani saa 11 na nusu alfajiri, narudi saa 1 usiku nimechoka na watoto wana njaa. Dada yangu aliyeko Muscat aliniletea jungu la umeme la kupikia polepole, la lita 6. Halina saa, lina swichi ya kuzungusha tu iliyoandikwa Low, High na Warm. Nataka ile nyama ya ng'ombe laini inayochambuka kwa uma. Mara ya kwanza niliweka kilo moja na nusu ya steki iliyokatwakatwa, nikaifunika kwa maji, nikawasha Low, nikaenda kazini. Niliporudi nyama ilikuwa inavunjika lakini kavu kama pumba, na mchuzi maji matupu. Jumapili nikajaribu tena kwa High, saa tatu, ikatoka ngumu kama raba. Je, jungu ni bovu? Umeme ukikatika nikiwa kazini, chakula bado kinalika? Na maharage naweza kupikia humo?

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Kilo tatu za steki kuharibika si jambo dogo katika nyumba yenye watoto watatu. Jungu lako ni zima. Kosa lilianzia buchani, kabla hujaligusa jungu lenyewe.

Steki inauzwa ghali kwa sababu haina mfupa na haina mishipa. Kwa kukaanga haraka kwenye kikaango inafaa sana. Kwa jungu la polepole ni hasara, na ukishaelewa sababu hutapoteza tena pesa yako.

Nyuzi za nyama zikipata joto hujikunja na kukamua maji yake, kama tunavyokamua nguo. Hujikamua hivyo hata zikiwa zimezama ndani ya mchuzi, na ukiongeza maji nje hayarudi ndani. Sasa, nyama iliyopikwa kwa muda wa saa nane ikawa laini na ina utelezi mdomoni, utelezi ule umetoka wapi? Umetoka kwenye ile mishipa myeupe na utando mwembamba unaofunga nyuzi pamoja. Hiyo imejengwa kwa kolajeni, ambayo ikikaa saa nyingi kwenye joto la digrii 70 kwenda juu huyeyuka taratibu na kuwa jelatini. Jelatini unaijua vizuri, mama: ndiyo inayonatisha midomo ukinywa supu ya kongoro, na ndiyo inayoigandisha supu hiyo ukiilaza kwenye friji. Nyama yenye mishipa hukamuliwa maji yake kama nyama nyingine yoyote, lakini huachiwa jelatini na mafuta ya kuzipaka nyuzi zake. Steki haina cha kuachiwa.

Yaangalie sasa majaribio yako mawili. La kwanza, steki ilikaa motoni zaidi ya saa 13. Kidogo kilichozishika nyuzi kikayeyuka, nyuzi zikaachana, na hapakuwa na kitu cha kuzilainisha. Ndiyo pumba uliyoikuta. La pili lilikuwa na tatizo la kinyume chake. Watu wengi hudhani High ni moto mkali na Low ni moto mdogo, lakini katika majungu mengi ya aina hii joto la mwisho karibu ni lile lile, chini kidogo ya kuchemka. Kinachotofautiana ni muda wa kulifikia: kwa High ni kama saa 3 hadi 4, kwa Low saa 7 hadi 8. Kwa hiyo ulipozima baada ya saa tatu, nyama ndiyo kwanza ilikuwa imefika pale ambapo nyuzi zimekaza kabisa na kolajeni haijaachia. Hakuna hatua ambayo nyama ni ngumu kuliko hiyo. Mtu akikuta nyama ngumu hapo hudhani imepitiliza, akaitoa, kumbe ilihitaji muda zaidi.

Chombo hiki kwa kweli kilitokana na mapishi ya polepole ya namna hii. Mvumbuzi wake, Irving Naxon wa Chicago, aliomba hataza (hati ya haki ya uvumbuzi) mwaka 1936 na kuipata mwaka 1940, baada ya kusimuliwa na mama yake jinsi bibi yake kule Vilna, Lithuania, alivyokuwa akipika chakula cha Sabato ya Kiyahudi, cha nyama na maharage. Chungu kilipelekwa kwenye tanuri la mwoka mikate kabla jua halijazama, kikalala humo usiku kucha kwenye joto lililobaki.

Basi nenda buchani, umwambie muuzaji akupe nyama ya bega, au kidari, isiyo na mfupa, kipande kizima. Neno "kizima" liseme mapema, kabla hajainua panga, kwa sababu mkono wake umezoea kukatakata kila kinachowekwa juu ya gogo. Kitazame kipande: unataka kuona mistari myeupe ikipita katikati ya nyekundu, na mafuta kiasi upande mmoja. Ukifika nyumbani, kigawe mwenyewe vipande vinne au vitano vya ukubwa wa ngumi. Ukipika vipande vidogo vya mchuzi, nyuzi zimeshakatwa fupi, na hata vikiiva vizuri utapata makombo badala ya nyama ya kuchambua.

Jambo jingine ni la ng'ombe wetu. Wengi ni zebu, ng'ombe wa asili wenye nundu, wamelelewa kwa kutembea kutafuta malisho na maji, na wengine huchinjwa wakiwa wamekomaa. Kolajeni ya mnyama wa namna hiyo imejifunga sana, haiachii haraka kama ya ndama wa kunenepeshwa bandani. Tena nyama yetu mara nyingi huchinjwa alfajiri na kuuzwa asubuhi hiyo hiyo, misuli ikiwa bado haijamaliza kukakamaa. Ukiweza, nunua Jumamosi, ilaze kwenye friji siku moja au mbili, upike Jumapili usiku au Jumatatu. Vitabu vya mapishi vya wenzetu vikisema saa nane kwa Low, wewe hesabu tisa hadi kumi.

Papai bichi usiweke. Najua linasaidia kwenye mishikaki, na mimi hulitumia huko. Lakini kimeng'enya chake hufanya kazi kwa nguvu zaidi nyama ikiwa vuguvugu kuelekea digrii 60 na ushee, na jungu lako hupita hapo kwa mwendo wa konokono. Nje ya nyama itakuwa uji wakati ndani bado.

Kwa kilo moja na nusu, paka chumvi vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa. Pasha kikaango kwa mafuta kidogo hadi kiwe moto sana, ugeuze vipande dakika tatu nne kila upande vipate rangi ya kahawia. Ndani ya jungu hakuna kitu kitakachopata rangi, kwa kuwa penye maji joto halivuki digrii 100, na ile harufu ya nyama choma inahitaji zaidi ya hapo. Toa nyama, na kwenye kikaango kile kile kaanga vitunguu maji vitatu, kitunguu saumu, tangawizi na vijiko viwili vya chakula vya nyanya ya kopo mpaka nyanya igeuke rangi ya matofali. Tia bizari nyembamba, pilipili manga na kijiti cha mdalasini. Karafuu zisizidi mbili na hiliki zisizidi mbili, maana kwa saa tisa chini ya kifuniko hukolea hadi kufunika ladha ya nyama. Usiku uliochoka kabisa, ruka kukaanga nyama, ila vitunguu na nyanya usiruke.

Maji weka kikombe kimoja tu, yale utakayosugulia kikaango ili kutoa kilichoshika chini. Najua inatisha kuacha nyama nusu nzima iko nje ya maji. Lakini kifuniko hakitoi mvuke mwingi, na nyama ya kuiva hivi hupoteza karibu theluthi ya uzito wake. Kwa kilo moja na nusu, hiyo ni kama nusu kilo ya maji na mafuta inayoingia kwenye mchuzi. Ukiifunika kwa maji, jelatini yote inapotea kwenye bahari. Na usifunue kuchungulia: kila ukifunua unaongeza kama dakika ishirini.

Sasa muda wako. Kutoka saa 11 na nusu alfajiri hadi saa 1 usiku ni saa 13 na nusu, na jungu lako haliwezi kujigeuza lenyewe kwenda Warm. Ushauri wangu kwako, na ndio ninaousisitiza kuliko mengine yote, ni huu: pika usiku. Washa saa 2 usiku kwa High wakati unaosha vyombo na kulaza watoto. Saa 3, ukienda kulala, geuza Low. Saa 11 alfajiri imekaa saa tisa, na ulikuwepo nyumbani muda wote. Kama jungu ni la wati 250, hata likiwaka mfululizo saa zote tisa haliwezi kuzidi uniti mbili na robo.

Alfajiri hiyo chomeka uma katikati ya kipande kikubwa, uuzungushe robo duara. Uma ukizunguka bila nyama kuushika, imeiva. Ikikaza, rudisha kifuniko uongeze nusu saa kwa High wakati unajiandaa. Itoe kwenye sinia pana na kuiacha dakika chache. Kwa mkono mmoja shika uma kukandamiza kipande, kwa mkono mwingine vuta kwa uma wa pili kufuata mwelekeo wa nyuzi. Utaona zinaachana ndefu, kama kamba ya mkonge inayofumuliwa, na katikati yake kuna ute unaong'aa unaonata kwenye vidole. Ute huo usiutupe wala usiufute, ndio ulioununua. Engua mafuta ya juu ya mchuzi, kisha mwagia mchuzi kiasi juu ya nyama na kuchanganya. Nyuzi zilizochambuliwa hunyonya mchuzi kwa namna ambayo kipande kizima hakiwezi. Mchuzi ukiwa mwepesi, uchemshe kwenye jiko dakika kumi bila kifuniko.

Gawa nyama kwenye vyombo vya kina kifupi ipoe haraka, iingie friji kabla hujatoka. Jioni unapasha hadi ichemke, dakika kumi, na watoto wanakula. Kwa wali, nyunyizia limau na kuongeza tui zito dakika tano za mwisho. Tui likipikwa usiku kucha hukatika. Kesho yake ikunje ndani ya chapati na kachumbari. Kwenye friji kaa nayo siku tatu, nne mwisho. Inayobaki igandishe, ni nzuri mno kwa sambusa.

Kuhusu umeme. Chakula kikikaa kati ya digrii 5 na 60, bakteria huzaliana, na baadhi huacha sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Ukiwa kazini umeme ukakatika usijue kwa muda gani, mwaga, hata kama inanukia vizuri. Najua inauma, mama, lakini kulaza watoto watatu hospitalini kunauma zaidi. Jungu la swichi ya kuzungusha kama lako lina hatari yake hapo, kwani umeme ukirudi linajiwasha lenyewe na utalikuta la moto kama kwamba hakuna kilichotokea. Saa ya maikrowevu ikiwa inapepesa, ujue ulikatika. Ukiwa nyumbani ukashuhudia umekatika, hamishia kila kitu kwenye sufuria umalizie kwa gesi au mkaa papo hapo. Kwa sababu hiyo hiyo, nyama iliyoganda usiitie humo kabla haijayeyuka kabisa, na usijaze jungu kupita theluthi mbili.

Kwa wengine wenye majungu kama haya: la Oman linaendana na umeme wetu, ila la kutoka Marekani ni la volti 120, na ukilichomeka ukutani hapa bila transfoma linaungua.

Maharage unaweza, kwa sharti moja ambalo nakuomba usilivunje. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayoharibiwa na kuchemka kwa nguvu, na joto la polepole halitoshi. Yaliyopashwa bila kuchemka yanaweza kudhuru kuliko hata mabichi. Mtu hutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Yaloweke saa tano au usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mapya, uyachemshe kwenye jiko la gesi au mkaa yakitokota kweli kweli kwa dakika kumi, mimi huenda hadi nusu saa. Mwaga tena maji hayo, ndipo uyatie kwenye jungu.