Mifano kwanza, kanuni baadaye

Ndugu, umeuliza kama mgeni anayejifunza Kiswahili aanze kwa kukariri jedwali la ngeli au aachwe azizoee katika mazungumzo. Kwa maoni yangu aanze na mifano, ila asiachwe humo peke yake. Mwekee mezani kitabu, kikombe na kisu, uangushe kimoja kimoja ukisema "kitabu kimeanguka", "kisu kimeanguka", kisha uangushe viwili kwa pamoja ili asikie "vimeanguka". Ataigundua ki- na vi- kabla hujaitaja, na kanuni aliyoigundua mwenyewe haimtoki upesi. Njia hiyo hukwama kwenye "kijana amefika" na "kifaru amelala", kwa sababu umbo la nomino linamvuta huku na upatanisho wa viumbe wenye uhai unamvuta kule, na hapo mwalimu anayenyamaza humsumbua mwanafunzi bure, ilhali sentensi moja ya maelezo ingetosha. Jedwali zima, ambalo hata sisi wenyewe tulilikariri kwa ajili ya mtihani tu, lisubiri mpaka awe na maneno ya kulijaza.